Mwaka Besna Alipokataa Kuonja

Theluji ikianza kuyeyuka kule juu, wenzake Besna hufurahi, yeye huanza kuyasikia magoti. Anajua kardi imeshachipua.

Kardi ni jani pana, laini, linalotokeza chini ya vichaka kabla majani mengine hayajathubutu. Ni tamu, lakini lina hila. Usipolipika sawasawa, linachoma koo kama umemeza sindano. Sharti lichemke mpaka lilegee, litiwe maji ya lile tunda jekundu chachu la mlimani, lichemke tena, kisha mpishi aonje. Mpishi akisema tayari, watu hula. Tangu mama mkwe afariki, wa kuonja alikuwa Besna.

Alikuja nyumba ile akiwa bi harusi, na masika yake ya kwanza alipewa kisu na gunia akaambiwa apande mlima. Mwaka ambao vita viliwafukuza kijijini, aliwapikia kardi kwenye debe la mafuta, wakashiba. Baadaye amani ikarudi, shemeji na mawifi wakahamia mjini, na kila Nairuzi, sikukuu ya mwaka mpya wa masika, wakawa wanapanda na magari yao kuja kula. Walisifu, wakalamba vidole, wakaondoka. Vyombo vilibaki na Besna.

Safari hii alimwambia mumewe, Tahsin, "Kuchuma nitachuma, na kukata nitakata. Kupika sipiki."

"Nani apike sasa?"

"Mwenye mikono."

Tahsin akacheka, akaenda kuvuta sigara yake uani. Alidhani ni utani.

Siku ya wageni, Besna aliacha majani yaliyokatwa jikoni, bakuli la maji chachu pembeni, akaenda kukaa kwenye zulia, mgongo ukutani. Wifi yake Perwin, dada wa Tahsin, akatokea mlangoni mikono kiunoni.

"Wifi, moto umelala! Au unangoja tufe njaa uturithi?"

"Mna nini cha kurithi? Washa, upike."

"Mimi? Mimi nimekuja kula."

"Basi utaonja. Kuonja nako ni kula."

Perwin alibeua midomo, akaingia jikoni. Vifuniko vikagongana. Besna alifumba macho, lakini pua haikukubali kupumzika. Iliusikia mvuke, ikajua bado.

"Umetia yale maji?" akauliza.

"Nimetia."

"Yote?"

"Wifi, umeamua kukaa, kaa!"

Muda si mrefu Perwin akatangaza kwamba imeiva. Njaa ndiyo iliyoonja. Sufuria ikaletwa, wali ukapakuliwa, watu wakajaza midomo. Tahsin ndiye aliyeanza kukohoa. Akafuata mwingine, kisha zulia zima likawa kikohozi na machozi, watu wakigombea birika la maji.

"Perwin, umetupikia nyigu?" Tahsin akasema kwa sauti iliyokwaruza.

Kisha wote wakamgeukia Besna. Hakuna aliyemwambia inuka. Hawakuwahi kuhitaji kumwambia. Kiganja chake kilikuwa kimeshashika sakafu na goti moja limeshakunjuka, lenyewe, kama linavyofanya miaka yote. Akakitazama kile kiganja. Akajua akisimama sasa, atasimama mwakani, na mwaka unaofuata, mpaka siku watakayombeba.

Akakirudisha mapajani.

"Irudisheni motoni," alisema. "Mtie maji chachu yaliyobaki."

"Njoo basi uangalie," Perwin akamsihi.

"Hakuna kipya huko cha kuangalia."

Mwishowe Perwin aliinua sufuria ile nzito, akanung'unika hadi jikoni. Baada ya kitambo akarudi na kijiko kinachofuka.

"Onja tu, wifi yangu. Ulimi wako unajua."

"Nao umechoka. Onja wewe, kisha ungoje kidogo. Usiwe na haraka."

"Jamani, mwanamke huyu!"

Lakini alionja. Akasimama pale katikati ya chumba, mdomo wazi, akisikiliza koo lake, na watu wakimtazama kama hakimu.

"Inawasha… kidogo. Hapana, bado." Akarudi jikoni bila kuambiwa.

Walikula wali ukiwa umepoa. Kardi ilikuwa chachu kupita kiasi. Besna aliletewa sahani pale pale alipokaa, akala yote, akafuta mchuzi kwa mkate.

"Na mwakani je, wifi?" Perwin akauliza.

Vyombo vilikuwa vimetapakaa zuliani, na Besna alikuwa ameshaegemea ukuta, anasinzia.