Walimwita Mwalimu wa Kuanguka

Admin, nifichie jina, maana wanangu wanasoma ukurasa huu na hawajui kama mama yao naye anausoma. Mimi ni mjane wa miaka sabini na moja, naishi peke yangu huku Mamboleo, Kisumu. Jumamosi hii tunamzika mtu aliyenifundisha judo nikiwa msichana, kwao karibu na Usenge, na kuna neno nataka kuwauliza.

Najua mmecheka. Mama mzima na judo! Chekeni tu, nimezoea.

Wazazi wangu walikuja Kisumu kutoka Nyeri kuuza viazi na kabichi. Miaka ile ya sabini mwanzoni siasa ya ukabila ilikuwa imeingia mpaka shuleni, na wasichana wenyeji waliacha kukaa nami, mtoto wa watu wa Nyeri. Hakuna aliyenipiga. Walininyamazia tu, na afadhali ningepigwa. Jioni nilizungukazunguka mjini ili nisifike nyumbani mapema, mama asije akaniuliza marafiki zangu wako wapi. Ndivyo nilivyofika kwenye ukumbi mmoja wa kanisa nikamkuta Mwalimu, mwanamume aliyeacha kazi ya polisi, akifundisha vijana juu ya magunia yaliyojazwa maganda ya mpunga. Nikasimama mlangoni.

"Wewe msichana, unaziba mwanga," akasema. "Ingia ama utoke."

Nikaingia.

Kwa muda mrefu hatukufundishwa kumwangusha mtu. Tulifundishwa kuanguka sisi wenyewe, kidevu kifuani, mkono ukipiga chini kabla mgongo haujafika. Na kila jioni Mwalimu alianza yeye. Alijibwaga puu! mbele yetu, akainuka, akajikung'uta vumbi. "Mimi nimeanguka na sijakufa. Sasa nyinyi." Mtoto aliyeogopa hakusukumwa wala hakuchekwa, aliachwa aangalie mpaka siku yake ifike. Yangu ilichelewa sana, na hakuniuliza hata mara moja.

Vijana walitaka mateke ya sinema. Mmoja wao leo ni mtu mzito, ana boma kubwa Milimani, kwa hivyo nitamwita Mkubwa. Yeye alichoka akauliza, "Mwalimu, kwani tutafunzwa kupigana lini?"

"Ukiogopa chini, utapigana na uoga yako kwanza," Mwalimu akamjibu. "Mwenye amekushika atangoja tu."

Mji mzima ukamwita Mwalimu wa Kuanguka. Halafu tukaenda kushindana Nairobi, tukashindwa wote, hakuna aliyeshinda hata mchezo mmoja. Tukiwa njiani kurudi akatuuliza, "Kuna mwenye ameumia?" Hakukuwa na yeyote. "Basi tumerudi wote," akasema, akalala. Mkubwa hajawahi kumsamehe kwa neno lile.

Sasa Mkubwa ndiye mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Juzi historia ya marehemu iliposomwa kwenye mkutano, ilisema polisi, mkulima, mzee wa kanisa. Basi. Nikauliza, "Na judo je?"

Mkubwa akacheka. "Mama, hiyo tuachane nayo. Mzee alale pema, lakini alitufunza kushindwa. Tusichekeshe watu kwa matanga."

Wanakamati wakacheka. Hata watoto wa marehemu waliinamisha macho. Nikachukua mkoba wangu nikarudi nyumbani.

Pale kwenye mkutano ningewaambia hivi. Miezi michache iliyopita niliteleza bafuni. Sakafu ni ya simiti, na nyumba nzima nilikuwa mimi na redio. Kabla sijafikiri, mkono ulikuwa umeshapiga chini na kidevu kiko kifuani. Nililala pale nikiangalia dari, sina hata mchubuko, nikalia kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwambia. Wanangu wangesema nihamie kwao Nairobi. Nikampigia Mwalimu. Masikio yake yalikuwa yameisha, mjukuu wake ndiye aliyempigia kelele sikioni.

"Ulipiga mkono?" akaniuliza.

"Nilipiga, Mwalimu."

"Na kidevu?"

"Kilikuwa kifuani."

Akasema, "Eee. Basi umefuzu."

Hatukuongea tena mpaka nikasikia amefariki. Wale wengine wa magunia wametangulia, au wamesahau. Nimebaki na Mkubwa, na yeye ndiye huyo.

Kijana wa kwanza wa marehemu alinipigia jana kwa sauti ya chini. "Mama, ukitaka kusema kitu, nitakupatia maiki kidogo." Lakini mimi si msemaji. Dholuo, lugha ya huko kwao, naijua ya sokoni tu, nikishika maiki nitatetemeka, na Mkubwa atapata la kuchekea tena. Binti yangu naye amesema, "Mum, tafadhali usituaibishe mbele ya watu."

Kitu ninachoweza bila kutetemeka ni kimoja tu. Nisimame karibu na jeneza, niangukie mgongo pale kwenye nyasi, mkono upige chini watu wasikie. Najua watadhani nimezimia kwa uchungu, akina mama watakuja mbio na maji. Nitainuka kabla hawajanifikia, nijikung'ute, niseme, "Mimi nimeanguka na sijakufa. Huyu ndiye alinifunza."

Jumamosi si mbali na sina wa kumuuliza ila nyinyi nisiowajua. Niseme, ninyamaze, au nianguke?