Kreti ya Dirishani: Mkulima wa Beri Asiyeamini Hata Macho Yake

Saa mbili kasorobo asubuhi, mwezi wa Novemba. Dineke van Osch amebandika uso kwenye dirisha la chumba cha baridi, dirisha dogo kuliko sahani, na anamulika ndani kwa tochi. Hamsalimii mtu. Anaitazama kreti moja tu iliyowekwa chini ya dirisha, imejaa beri ndogo nyekundu za vishada, ambazo hapa Betuwe, Uholanzi, tunaziita aalbesi.

"Sizipendi," anasema.

Mdogo wake, Lambert, anauliza zimefanya nini.

"Hazijafanya chochote. Ndicho kinachonitisha."

Dineke ana miaka 61, na thelathini na minane ameitumia kulima beri hizi bila kuamini kitu. Mvua haiamini, kwa hiyo vichaka vyake vyote vina paa la plastiki. Ndege hawaamini, ndiyo maana ya nyavu. Julai huwasimamia wachumaji mwenyewe, kwani kishada hushikwa kwa kikonyo, na aliyegusa beri yenyewe atamjua tu. Mwandishi wa makala hii alipofika, swali la kwanza lilikuwa: "Umetumwa na Kuipers?"

Kuipers ni mnunuzi wake. "Kapiga simu mara tatu wiki hii," anasema Dineke. "Eti, mama, fungua sasa, bei itaanguka. Tangu lini mnunuzi akakuonea huruma?"

Chumba kilifungwa Agosti, kikapunguzwa oksijeni ili beri zisioze, nazo zikalazwa kwenye baridi ya nyuzi sifuri. Mavuno yote ya familia yamo humo, tani kumi na mbili. Zikifika Desemba zikiwa nzima, kila mpishi atataka kishada cha kupamba keki ya Krismasi, na kilo itapanda hadi euro saba. Leo ni nne.

Ila mlango ukishafunguliwa, hewa ile imekwisha kazi, na zimebaki wiki mbili za kuuza zote. Kuingia kukagua haiwezekani, kwani ukiivuta hewa ya mle unaanguka papo hapo. Limebaki dirisha.

Miaka sita iliyopita kipimo cha hewa kilionyesha kila kitu sawa mpaka siku ya kufungua. Ndani, beri za chumba kizima zilikuwa zimeota ukungu. "Nililia mbele ya dereva wa lori," anakumbuka. Tangu hapo Dineke hakisomi tena kipimo. Anachungulia, asubuhi na jioni.

Leo, mezani, kahawa inapoa. Dineke hajamaliza.

"Vishada virefu, beri zote saizi moja, hakuna hata moja iliyopasuka. Shamba langu nalijua, Lambert. Halizai hivyo."

Lambert anakoroga kahawa ambayo hajaitia sukari.

"Nani aliweka ile kreti?"

"Mimi."

"Uliitoa wapi?"

"Shambani, dada. Ningeitoa wapi?"

"Lambert!"

"Haya, nilichagua. Siku nzima, kishada kimoja kimoja. Tangu mwaka ule hulali, unazunguka na tochi kama askari wa zamu. Nikasema akichungulia aone kitu kizuri, apumzike."

"Mjinga wewe! Miezi mitatu naangalia picha ya harusi!"

Lambert anamsihi asubiri wiki tatu tu. Dineke anamuuliza atasubiri kwa ushahidi gani. Kama kreti ya dirishani ni ya kuchaguliwa, basi hajui lolote kuhusu zile nyingine, na mwaka mwingine wa ukungu utalimaliza shamba. Anavaa koti, anafungua mlango na kuwasha feni ya kuingiza hewa safi.

Inachukua saa nne hewa ya ndani kuwa salama. Dineke anapita mbele, hadi paleti ya mwisho kabisa, anavuta kreti ya chini. Vikonyo ni vya kijani, beri ni nzima. Anavuta nyingine, kijani. Anakagua ishirini. Katika tatu tu kuna vikonyo vichache vilivyoanza kuwa kahawia, jambo la kawaida.

Zingefika Krismasi. Lambert anageukia ukutani na kufuta macho kwa mkono wa sweta.

Kuipers anafika mchana huohuo, upesi kiasi cha kutia shaka, na anazichukua kwa euro nne kwa kilo. Wakati Kuipers anapakia, Dineke anasimama karibu na mizani bila kupepesa macho.

Lori linapoondoka anaketi juu ya kreti tupu. Ameumia, na hafichi. Lakini mpango wa Agosti ijayo anao tayari.

"Kreti ya dirishani nitaijaza mimi," anasema. "Vishada vibaya kuliko vyote, vya chini kabisa ya kichaka, vilivyorushiwa matope. Hivyo vikifika Krismasi, vingine vyote vimefika."

"Na vikioza?" anauliza Lambert.

"Nitafungua siku hiyohiyo, na nitajua kwa nini nafungua. Usinifiche tena, mdogo wangu. Bora nisilale."

Lambert anaitika kwa kichwa. Anainuka kwenda kufagia, na dada yake anamwita.

"Ile kreti yako nimeificha jikoni. Kuipers hapati hata beri moja. Chemsha sukari, tutengeneze jeli."