Mwalimu Aliyejua Mapema

Siku ile nilikuwa na kipindi cha Baiolojia, Kidato cha Tatu. Nilikuwa nimechuma maua ya maboga nyumbani kwangu, kila meza ikapata moja la kupasua. Upepo wa baridi ulikuwa unashuka kutoka ukingo wa Kreta na wanafunzi walivaa masweta juu ya sare, jambo tulilokuwa tukiwakataza, lakini siku hiyo niliwaacha.

Shule yetu ilikaa mgongoni mwa kilima, mpakani. Juu yetu, upande wa Karatu, walikuwa wakulima, watu wa kwetu. Chini, bondeni, upande wa Ngorongoro, walikuwa wafugaji. Watoto wa pande zote mbili walisoma kwetu. Kati yao palikuwa na chemchemi moja, na mwaka ule wa ukame kila upande uliitaka. Ng'ombe waliingia kwenye mahindi, wakakatwa mapanga. Kisha mchungaji mmoja akakutwa amekufa karibu na maji. Hakuna aliyekiri. Tangu hapo watu hawakusalimiana mnadani.

Asubuhi hiyo wazazi watatu wa bondeni walikuja, mmoja baada ya mwingine, kuwaombea watoto wao ruhusa. Wote walisema bibi anaumwa. Niliwaandikia ruhusa, lakini sikuwaamini.

Kengele ya kipindi ilipolia, Mwalimu Saning'o aliniita nyuma ya jiko. Alifundisha Jiografia. Alikuwa mtoto wa bondeni, na meza zetu zilikuwa zimegusana katika chumba cha walimu kwa miaka sita. Mke wangu wa utani, alikuwa akiniita. Siku hiyo hakutania.

"Mwalimu Vero, wasichana wa bweni watoke. Kabla ya saa tisa."

"Watoke waende wapi?"

"Kanisani. Pale kuna ukuta wa mawe."

"Umejuaje?"

"Usiniulize, dada yangu. Watoe tu."

Nilitazama viatu vyake. Vilikuwa vimejaa vumbi jekundu la bondeni, na ilikuwa katikati ya wiki, siku ambazo hakwenda nyumbani. Nikajiuliza alikuwa na nani alfajiri ile, na kwa nini aniambie mimi peke yangu. Labda alitaka shule ibaki tupu.

Mkuu wa shule alikuwa mjini kwa kikao. Niliwatoa wasichana mwenyewe, wavulana wakafuata. Mpishi wetu, Mama Bura, alikataa. Alikuwa na sufuria la maharage motoni.

"Nyie tangulieni," alisema. "Nikiyaacha yataungua, na jioni mtanilaumu mimi."

Saa kumi tulisikia filimbi.

Kisha kimya.

Kisha kelele kutoka chini, na kelele kutoka juu zikijibu.

Niliwalaza wasichana sakafuni, chini ya mabenchi. Mshale ulipiga bati ukateleza. Mlio wa bunduki ulisikika mara moja tu. Msichana mmoja wa bondeni, Naserian, alikuwa amelala karibu yangu. Wenzake wa juu walisogea mbali naye, kidogo kidogo, mpaka akabaki peke yake. Niliona, nikaendelea kuhesabu wanafunzi.

Halafu tukaona moshi wa shule.

Mama Bura walimkuta mlangoni mwa jiko. Mshale ulikuwa umeingia chini ya titi. Waliuleta mwili wake kanisani, nikaupokea mikononi.

Wanaume watatu wa kijiji cha juu walikuja kanisani na pinde zao. Niliwafahamu. Wawili nilikuwa nimewafundishia watoto.

"Mwalimu, nani alikwambia uwatoe watoto?"

Ningeweza kusema ni wazo langu. Ningeweza kusema nilisikia tetesi sokoni. Damu ya Mama Bura ilikuwa kwenye kanga yangu.

"Saning'o," nilisema. "Alijua mapema."

Hawakuuliza swali la pili.

Alikuwa barabarani, amembeba mwanafunzi wa kutwa wa juu aliyechomwa mshale mguuni akielekea kwao. Mwanafunzi yule alinisimulia baadaye kwamba wale watatu walimwambia Saning'o amshushe taratibu, naye akamshusha taratibu, akamfunga jeraha kwa tai yake, ndipo wakaondoka naye. Maiti yake ilipatikana korongoni siku ya tatu. Kufikia hapo askari walikuwa wameshafika na mapigano yamekwisha.

Tulifundishia kanisani muda mrefu. Ujenzi ulipoanza, pande zote mbili ziliambiwa zichangie nguvu. Watu wa juu walileta mawe, wa bondeni wakaleta mchanga kwa punda. Kila upande ulikuja na maji yake ya kunywa. Fundi alisema hajawahi kuona msingi unaolindwa na walinzi wawili, kila mmoja akimlinda mwenzake.

Fundi huyo ndiye aliyenionyesha, tulipokuwa tunaondoa vifusi, kwamba moto ulianzia stoo ya magodoro. Stoo ilikuwa upande wa juu kabisa, na washambuliaji hawakuwahi kufika huko. Mtu wa kwetu ndiye aliyeichoma, labda akidhani maadui wamejificha ndani. Wanaume waliokuwa wakibeba mawe walituona tukitazama. Wakaendelea kubeba. Fundi akasawazisha ardhi.

Mwaka huu, madarasa ya mwisho yalipoezekwa, mkuu mpya aliniomba niandike historia ya shule isomwe siku ya ufunguzi. Niliandika kurasa mbili zenye jina la Mama Bura. Nilipofika kwa Saning'o kalamu haikwenda. Nikapanda gari hadi Kakesio, ambako mama yake alihamia kwa ndugu zake.

Nilimwamkia, nikasema mimi nani. Alijibu kwa Kiswahili chake cha mnadani.

"Nakujua. Wewe ulisema jina lake."

"Ndiyo, mama."

"Tulisikia wakati ule ule. Nilisema, nitaona kama atakuja."

Alinieleza nilichokuwa nimejiuliza miaka yote. Mdogo wake Saning'o alikuwa miongoni mwa vijana waliopanga kupanda kutushambulia. Alfajiri Saning'o aliwafuata, akawasihi waache. Wakamwita mwoga, wakamwapisha asiseme. Akakimbia kupanda kilimani, akasema. Kama angerudi bondeni, vijana wale nao wangemuua. Mdogo wake hajarudi nyumbani tangu siku ile.

Nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Hakunizuia wala hakuniinua.

"Waliomchukua," alisema, "walikuwa akina nani?"

Mmoja sasa ni mjumbe wa bodi ya shule. Mwingine ana binti Kidato cha Pili, anakaa dawati moja na msichana wa bondeni. Nilifikiria mdogo wake Saning'o, popote alipo. Nilifikiria mabati mapya.

"Sikuwaona vizuri, mama."

Alijifunga shuka lake vizuri, akasimama.

"Mwanangu uliweza kumtaja," alisema.

Akaingia ndani. Nilibaki uani mpaka gari la kurudi lilipopiga honi. Katika historia niliandika kwamba Mwalimu Saning'o aliwaokoa wanafunzi na kwamba aliuawa kwa sababu yangu. Mkuu aliiacha sentensi ya kwanza, akaifuta ya pili kwa ajili ya amani. Siku ya ufunguzi niliisoma kama alivyoisahihisha, mbele ya wale watatu waliomchukua, nao walipiga makofi.