Bitana ya Suti ya Mjumbe wa Bodi

Asubuhi ile niliondoka Nengo, mtaa wetu wa Gisenyi, bila mpango wowote. Nilifunga geti la baba mdogo kwa kufuli, nikatia ufunguo wake wa pekee mfukoni, nikashuka kuelekea ziwani. Wengine wakikasirika hulala. Mimi hutembea. Hata shule niliiacha hivyo: nilitembea hadi mpakani kutazama akina mama wanavyovusha nyanya kwenda Goma, nikasahau kurudi darasani.

Hasira yenyewe ilitokana na pasi. Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu, aliishi Kigali, na nyumba ya Nengo ilikuwa yake ya kupumzikia. Mimi niliilinda, nikamwagilia maua, nikalala chumba cha uani. Jioni iliyotangulia alikuwa amefika na gari la kampuni, akanitupia suti yake ya kijivu.

"Piga pasi vizuri. Kesho iko mukutano mukubwa."

Nilipoligeuza koti ndani, nikaiona bitana. Haikuwa ya kitambaa kimoja. Ilikuwa ya vipande vya vitenge vilivyoungwa, kila kipande kimetoka kwa fundi tofauti wa sokoni kwetu. Kimoja kilikuwa cha njano chenye kuku weusi. Hicho ni cha mama yangu. Nilimwona akikikata kutoka kwenye kitenge chake cha Idi, akisema, "Bon, sasa pesa yetu iko na nguo."

Niseme maana yake. Akina mama wa cherehani wana kikundi, na katika kikundi kile mtu akikabidhiwa amana haandikiwi karatasi. Hushonewa kitu. Kila fundi anatia mkono wake mahali fulani, mtu anakivaa mbele yao, Fatiha inasomwa, basi. Kampuni ya unga ilipoanza kuuza hisa zake kwa watu wote, baba mdogo alikuwa meneja huko. Alikuja sokoni, akakaa kwenye kigoda kama mtoto wa nyumbani.

"Mama zangu, kufungua akaunti ya hisa ni matatizo. Picha, kitambulisho, sahihi. Nipeni mimi. Ninunue kwa jina langu. Zikizaa, nawaletea."

Wakampa. Wakamshonea suti. Kosa lile watu wengine wasingelifanya, lakini sisi tulilifanya, kwa sababu kwetu jina la mtu wa nyumbani lilikuwa na nguvu kuliko benki.

Mimi mambo ya hisa niliyafuata kwa udadisi tu. Nilikuwa nabeba mizigo mpakani, nikapata visenti, nikanunua hisa chache kabisa, kiasi kile kidogo wanachokuruhusu. Dalali wa hisa aliniuliza nataka faida gani. Nikamwambia nataka kuona. Ndipo nilipokuta kwamba wenye kampuni wakubwa hawakuwa watu. Walikuwa mfuko wa pensheni, kampuni ya bima, na hazina moja ya uwekezaji ya Ulaya. Hao ndio waliomiliki sehemu kubwa. Chini yao wakaja watu wa ndani, yaani wakurugenzi na mameneja. Sisi wengine tulikuwa vumbi la unga sakafuni.

Na kati ya watu wa ndani, aliyesifiwa kuliko wote alikuwa baba mdogo. Wakubwa wanapenda kuona meneja ameweka mali yake mwenyewe katika kampuni anayoiendesha. Wanasema huyo hawezi kuizamisha meli aliyomo. Kwa hisa nyingi zile alipewa kiti katika bodi. Hawakujua kwamba alikuwa amekalia cherehani za mama zangu.

Kisha akaziuza. Aliziuza kabla kampuni haijatangaza kwamba kinu chake kikubwa kimeharibika na hasara inakuja. Jambo hili halikuwa siri. Hisa za wakurugenzi hutangazwa kila mwaka, na mtu yeyote anaweza kusoma. Ni kwamba sokoni hakuna aliyejua kuwa zinasomwa, na wakubwa hawakuwa wamelinganisha tarehe. Bei ilipoanguka alikuja akawaambia, "Imeanguka. Ni mapenzi ya Mungu. Subirini." Wakasubiri. Nilipowaambia kwamba hakuna cha kusubiri, mama yangu alinikemea nisimsingizie mkubwa wangu.

Kwa hiyo nilipoipiga pasi bitana ile nilijua. Na asubuhi alipoivaa, akajitazama kiooni, akasema, "Hakuna suti inanikaa kama hii," hasira ikanipanda; gari lake lilipotoka tu, nami nikatoka.

Nilitembea na ziwa hadi hoteli ya ufukweni. Magari ya Kigali yalikuwa yamejaa hadi kwenye mchanga. Nilikuwa nimepata ujumbe wa mkutano mkuu kwenye simu kama mwanahisa yeyote, lakini naapa sikuwa nimepanga kwenda. Mlangoni mlinzi alinitazama ndala.

"We, kazi iko nyuma, jikoni."

"Mi si wa kazi. Mi ni mwenye kampuni."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Nikatoa kitambulisho, msichana wa orodha akalikuta jina langu, mlinzi akafunga mdomo. "Yewe! Basi patron, ingia. Utuongeze mushahara."

Ndani palikuwa na joto. Feni zilizunguka kama zimechoka. Mbele walikaa wajumbe wa bodi, baba mdogo katikati, vifungo vyote vimefungwa. Aliponiona, alidhani nimemletea kitu alichosahau, akaniashiria nisubiri pembeni. Nikaenda nikaketi safu ya mbele.

Mwenyekiti alisema wajumbe wawili wamemaliza muda na wanaomba kuchaguliwa tena. Mmoja wao alikuwa baba mdogo. Akamsifu: mtu wa Gisenyi, mtu wa ndani aliyeweka chake tangu mwanzo. Kisha akauliza kama kuna swali, kwa sauti ya mtu anayetaka kwenda kula.

Nikasimama. Swali langu sikuwa nimelipanga, na lilitoka vibaya. Nililisema kwa Kiswahili, kwa kuwa amana tulimkabidhi kwa lugha hiyo.

"Mi iko na swali kwa baba mudogo. Suti hiyo, alishona nani?"

Watu wakaangua kicheko. Baba mdogo naye alicheka, kidogo. "Huyu ni mutoto wa nyumbani. Musamehe. Hakusoma."

"Kweli sikusoma," nikasema. "Ndiyo maana nauliza. Ufungue koti, watu waone bitana. Kila kipande iko na mwenyewe. Ni pesa zao ulinunua hisa. Hisa zile uliuza mbele ya hasara kutangazwa. Mama zetu wakabaki kusubiri."

Kicheko kiliisha safu kwa safu. Mwanamke aliyewakilisha mfuko wa pensheni, ambaye baadaye nilisikia alikulia Tanzania, aliweka kalamu chini. Akawatafsiria majirani zake nilichosema. Kisha akamgeukia baba mdogo kwa Kiswahili safi.

"Samahani, ndugu mkurugenzi. Swali langu ni jepesi. Hisa ulizokuwa ukitutangazia kuwa ni zako, zilikuwa zako zote?"

Nilimtazama uso. Nakiri, nilikuwa nimeketi safu ya mbele kwa ajili ya uso ule. Akisema ndiyo, alikuwa anawakana mama zake mbele ya wahudumu wa hoteli, na wahudumu wale ni watoto wa Gisenyi. Mmoja, ambaye mama yake ana kipande cha bluu karibu na kwapa la koti lile, alikuwa amesimama na sinia la soda, hatoi wala harudi. Akisema hapana, alikuwa amewadanganya wakubwa kwa miaka.

"Hayo," alisema, "ni mambo ya familia."

"Mfuko wa pensheni hauna familia," yule mwanamke akajibu. "Una wastaafu. Kama hakuna kitu, fungua tu koti tuendelee. Joto kali hata hivyo."

Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye kola. Mkono wake ulikwenda kwenye kifungo cha juu, ukakishika, ukakaa hapo. Hakufungua. Nami sikutaka tena afungue. Kile kifungo kilichofungwa kilisema kuliko bitana yenyewe.

Kura katika kampuni hazihesabiwi kwa vichwa, zinahesabiwa kwa hisa. Zangu zisingesogeza hata nzi. Lakini mfuko wa pensheni ulisema hapana. Mtu wa bima akamtazama yule mwanamke, naye akasema hapana. Yule wa hazina ya Ulaya alikuwa kwenye skrini, akaomba atafsiriwe mara ya pili, kisha hapana. Mwenyekiti akasema kwamba mauzo yale yatapelekwa kwa wanaosimamia soko la hisa. Baba mdogo aliingia mjumbe wa bodi, akatoka mtu aliyevaa koti zito kwenye joto.

Alinipita mlangoni. Hakupiga kelele.

"Leo usilale kwangu."

"Sawa, baba mudogo."

"Mbwa."

"Sawa."

Nilikunywa soda mbili za kampuni, maana nilikuwa mwenye kampuni. Kisha nikampigia mama.

"Umemuvua nguo mubele ya watu?" aliuliza. Habari zilikuwa zimefika sokoni kabla yangu.

"Hapana mama. Alikataa kuvua."

"Na hisa zetu?"

"Zilienda. Labda wakimuchunguza atalipa. Labda hapana."

"Donc, basi tumepata nini?"

"Uso wake."

"Uso hauliwi," alisema. Nikasikia cherehani za wenzake zimesimama, wote wanasikiliza. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Bitana bado iko nzima?"

"Nzima, mama. Niliipiga pasi mwenyewe."

Akacheka. Sijamsikia akicheka vile tangu mazishi ya baba.

Kurudi Nengo sikuweza, na kwa mama chumba ni kimoja na nusu yake ni vitambaa. Nikapanda fuso tupu lililokuwa linarudi kuchukua viazi. Tulipanda mlima, ziwa likazama nyuma yetu, tukapita Nyakiriba ambako watu walikuwa wanapalilia vitunguu na kutupungia. Mji mdogo wa Kanama nimeupita mara nyingi, sikuwahi kushuka. Safari hii nilishuka, kwa kuwa dereva alikuwa amefika.

Nikauliza mahali pa kulala. Wakanielekeza kwa mama mmoja mwenye migomba nyuma ya duka la mbolea. Alinitazama mikono mitupu.

"Mizigo yako iko wapi?"

"Sina."

"Kazi?"

"Nilikuwa nalinda nyumba."

"Na sasa nani anailinda?"

Kabla sijamjibu simu ikaita. Ilikuwa baba mdogo. Nyuma ya sauti yake nilisikia honi, na dereva wake akiuliza waruke ukuta au wafanye nini. Nikapapasa mfuko. Ufunguo wa geti ulikuwa pale pale, baridi, na kamba yake ya manjano.

"Uko wapi na ufunguo wangu?" alifoka. "Niko inje! Mvua inaanza!"

"Mi iko mbali, baba mudogo. Subiri," nikasema. "Ni mapenzi ya Mungu."

Nikazima simu. Yule mama akanionyesha chumba: kitanda cha mbao, blanketi moja, dirisha linalotazama viazi. Ukutani palikuwa na msumari. Nikautundika ufunguo hapo, nikamuuliza kama maharage yameiva.