Mfalme Aliyekatazwa Kufa

Leo hapa Mukuyuni, mfalme amekatazwa kufa.

Shule moja ya sekondari ilikuwa ikiigiza tanzia kanisani, mbele ya majaji. Mfalme, kijana anayeitwa Muthama, alidharau kila onyo hadi watu wake wote wakamhama. Akabaki peke yake, akapiga magoti, akalia: "Mungu ameniacha!"

Hapo alipaswa kunywa sumu na kufa. Asipokufa, mchezo haujakamilika, na shule haiendi fainali kule Kibwezi.

Shida ni kwamba alipiga magoti madhabahuni.

Mama mmoja wa safu ya mbele akasimama. "Hajakuacha, mwanangu!" Akampokonya kikombe. Wenzake wakamfuata, wakamwekea mfalme mikono kichwani na kuanza kukemea roho ya mauti.

"Shindwe!"

Nilikuwa karibu. Nilimsikia Muthama akinong'ona, "Mama, tafadhali, wacha nife."

Angenyamaza tu. Maombi yalipanda mara mbili.

Mwalimu wa drama alisimama, akaketi, akasimama tena. Muda ukaisha mfalme akiwa hai, taji limepinda, jasho linamtiririka.

Jaji mkuu akauliza, "Mwalimu, mchezo umeisha?"

"Bado, bwana jaji. Wamekataa afe."

Kanisa zima likacheka. Majaji hawakucheka. Shule imekosa fainali.

Nyinyi mngeamuaje?

Nilipotoka, Muthama alikuwa ameketi kwenye ngazi, analia kwelikweli. Yule mama alikuwa amemshika bega.

"Sasa unalia nini, na uko hai?"