Gunia Moja, Ruka Saba

Mimi kutulia sijui. Hata karanga zikiwa kwenye kipimo, nazunguka ghalani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kazi yangu ni kuamua magunia mangapi, na yapi, yachomwe bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea sampuli, kwa sababu huwezi kupima yote. Tunatafuta sumukuvu, ile sumu ya ukungu isiyoonekana kwa macho, maana karanga zenyewe zinasagwa unga wa lishe wa watoto.

Siku ile nilikuwa Haneti, kwenye ghala la kikundi cha akina mama wanane. Magunia themanini yalikuwa yamepangwa mstari ukutani. Mwongozo ulitaka nichome kumi, tena kwa kupiga kura. Nani ana muda wa kukata vikaratasi themanini? Nikatumia njia yangu ya siku zote: gunia la kwanza, ruka saba, choma, ruka saba, choma. Yote kumi yakatoka safi. Nikatia sahihi.

Bibi mmoja, mkubwa wa kikundi, akanifuata mlangoni. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku anatazama pembeni.

"Mjukuu wangu, nimekukosea nini? Umetoboa magunia yangu yote, ya wenzangu hujagusa hata moja."

Nikamwambia haiwezekani. Akanionyesha uzi mwekundu anaoshonea magunia yake. Nikarudi kuhesabu, na yote kumi yalikuwa na uzi huo. Kumbe wanaleta kwa zamu, kila mmoja gunia moja, na katika kila mzunguko mkubwa wao anatangulia kwa heshima; yanapangwa ukutani kwa mfuatano huohuo. Wao wanane, mimi naruka saba, kila mara naangukia gunia lake. Na bibi yule hukausha karanga zake juu ya turubai, na kuzichambua punje kwa punje.

Niliona aibu, nikajikasirikia. Nikafuta sahihi, nikakata vikaratasi themanini, bibi akachota kumi kutoka kwenye ndoo. Magunia matatu yakakutwa na sumu.

Mzigo nikauzuia. Lakini roho haikutulia, maana mwezi uliopita kikundi hichohicho kilileta mzigo, nikaupitisha kwa kuruka saba, na unga wake nikabeba kilo mbili hadi nyumbani Makole, najidai. Nikampigia mama yangu, anayenilelea mtoto.

"Mama, mtoto asinywe tena ule uji."

"Unga wenyewe umekwisha," akasema. "Leo amelamba mpaka kikombe. Ukirudi utuletee mwingine."