Dawa ya Macho Kutoka Nairobi

Nikisafiri sipotezi muda kwenye maduka ya nguo. Naingia duka la dawa. Majirani zangu wa Awindiri, hapa Arua, Uganda, hunicheka kwa hilo, lakini najua ninachokifanya. Chokoleti huyeyuka kabla basi halijafika Karuma, na blauzi haimtoshi mtu uliyempimia kwa macho. Plasta za kisigino hutumika. Mafuta ya kuchua magoti hutumika mpaka kopo linakwanguliwa. Kipimajoto kizuri kitazunguka nyumba zote za mtaa kabla hakijarudi kwako. Ila zile vitamini za kutafuna za rangi rangi, usinunue. Ni peremende zilizopelekwa shule.

Binti yangu alipojifungua Nairobi nilikwenda kumsaidia, na safari hiyo nilikuwa na kitu kimoja tu kichwani. Shangazi yangu wa Koboko, aliyenilea baada ya mama kufariki, ana presha ya macho. Daktari wa macho alitueleza wazi: jicho la kushoto limekwisha, la kulia bado linaona, na litaendelea kuona akitia tone moja kila jioni bila kuacha. Kinachopotea hakirudi. Dawa yenyewe ilikuwa imeadimika kwetu, leo ipo kesho haipo, na chupa aliyokuwa nayo ilikuwa inakaribia kwisha. Niliogopa sana.

Shangazi anaishi kwa macho yake. Anatengeneza odi, yaani ufuta, au simsim kama tunavyoiita, iliyokaangwa na kusagwa mpaka ikalainika, na kabla ya kusaga huimwaga kwenye ungo akaichagua kijiwe baada ya kijiwe. Simsim haikosi mchanga. Odi ya wengine ukiila meno yanalia, lakini ya shangazi hujawahi kusikia mtu akilalamika, na sokoni Koboko wanaijua kwa hilo.

Kule Nairobi mfamasia, msichana mwenye kucha ndefu, alitabasamu nilipomuuliza, "Hapa iko dawa ya presha ya macho?" Akataka kujua nimetoka wapi. Nikamwambia nimetoka mahali ambapo Kiswahili kililetwa na wanajeshi, na wanajeshi walikuwa na haraka. Alicheka, akanipa chupa ndogo kuliko kidole changu cha mwisho, moja tu, ndiyo iliyokuwa imebaki. Ikae kwenye baridi mpaka ifunguliwe, alisema. Ikishafunguliwa ikae kivulini, na ni ya mtu mmoja, haichangiwi.

Niliisafirisha ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu. Jirani yangu kwenye basi aliniomba kikombe, na sidhani kama aliniamini nilipomwambia hakuna chai. Kampala niliomba barafu nyingine kwa muuza soda. Nilifika Arua, sikulala hata usiku mmoja kwangu, nikaenda moja kwa moja Koboko. Tone la kwanza nilitia kwa mkono wangu.

"Anti, hii iko yako peke yako," nilimwambia.

"Nimesikia, mama."

Nikarudi Awindiri nimetulia kabisa.

Baada ya siku kadhaa nilirudi Koboko bila kutoa habari. Nilikuta mkeka umetandikwa uani, na juu yake majirani wamekaa wameinua nyuso kama vifaranga. Shangazi alikuwa anapita kwa kila mmoja, chupa yangu mkononi, anakamua. Wa mwisho alikuwa mama wa Sudan Kusini anayeuza chai karibu na stendi, macho yake mekundu kwa moshi. Chupa ilitoa hewa tu.

"Anti! Unafanya nini?"

"Nagawa kitu ya safari," alisema, bila wasiwasi wowote. "Watu waliona wewe unatoka Nairobi, unaingia hapa kwangu. Wakakuja kusalimia. Mi niseme nini? Niseme mtoto yangu alikuja na mikono bure?"

Kwetu msafiri akirudi, majirani huja kumpa pole, na hawaondoki hivi hivi. Mkono mtupu haulambwi. Mimi nilikuwa nimeleta kichupa kimoja, yeye hakuwa na kingine cha kutoa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mtaa mzima ulikuwa umekuja kupona.

"Na wewe? Umetia lini?"

"Mwenye kugawa anakula nyuma. Mi nilisema nitatia ile itabaki."

Niliwaka. Nilisema maneno mengi, mengine ya kweli, mengine ya hasira tu, nikatamani kuitupa ile chupa barabarani. Yeye alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza kama nimekula. Yule mama wa chai alikuwa amejifunika mdomo kwa kiganja. Yeye humwita shangazi haboba, yaani bibi.

"Haboba, hukusema jicho yako inakufa," alisema. "Sisi tulifikiri iko dawa ya vumbi."

Nilimpigia binti yangu jioni hiyo hiyo. Ilichukua wiki kadhaa kuipata dawa tena, na ingawa mvumilivu hula mbivu, mimi wiki hizo nilikula mbichi. Mzigo ulipofika kwa basi ulikuwa na chupa za dawa, na pia makopo ya mafuta ya kuchua, plasta na vidonge vya kikohozi vya kumumunya, kama nilivyoagiza. Safari hii mkeka ulipotandikwa, shangazi aligawa mafuta na plasta kwa mikono miwili, akitania magoti ya kila mtu, na hakuna aliyeondoka mikono mitupu. Dawa ya macho ilibaki nyuma ya mtungi wa maji. Tangu hapo, mama wa chai akishazima jiko lake hupitia kwa shangazi kila jioni. "Haboba, kichwa juu," husema, naye shangazi hutii kuliko alivyowahi kunitii mimi.

Tulimpeleka tena kwa daktari. Presha imeshuka, alisema, na tuendelee hivyo hivyo. Lakini katika wiki zile bila dawa sehemu nyingine ya jicho la kulia ilikuwa imeingia giza. Sikumwuliza itarudi lini. Maji yakimwagika hayazoleki.

Juzi nilikwenda kumwona. Nilimkuta na ungo mapajani, ameuinamia karibu zaidi kuliko zamani, vidole vinatafuta. Alinipakulia muhogo na odi mpya, yenye joto bado, akakaa mbele yangu ameugeuza uso kidogo, upande wa jicho linaloona. Nikamega, nikatia mdomoni, nikauma. Mchanga ulilia kwenye meno yangu.

"Iko vizuri?" aliuliza. "Haina mchanga?"

"Haina, Anti," nilisema. Nikameza, nikamwomba aniongeze.